Kongowea si Soko Tu

Ukipanda matatu za Kisauni, makanga anaita "Kongowea! Kongowea!" na wewe unawaza vitunguu na matope tu. Hata mimi, mpaka niliposoma kwamba hilo lilikuwa jina la mji wenyewe kule kisiwani: Kongowea ya Mwana Mkisi, mwanamke ambaye masimulizi yanasema alitawala kabla ya Shehe Mvita.

Shuleni tuliambiwa Mvita ni "kisiwa cha vita", kisa Wareno. Kweli, walituchomea mji 1505, wakarudi tena 1528. Lakini wazee wa Thenashara Taifa wanamtaja Shehe Mvita kama mtu, tena wa kabla ya Wareno. Na "Mombasa" je? Al-Idrisi aliandika Manbasa kwenye kitabu chake cha 1154. Ibn Battuta akafika 1331, akalikuta jina hilohilo. Vasco da Gama katia nanga 1498. Hivyo vita vimechelewa.

Mimi niko na Mwana Mkisi, labda kwa sababu nimezaliwa Kisauni. Wenye kisiwa hutwambia sisi si wa Mombasa hasa. Haya. Ila jina kongwe la mji wao tunalo huku, ng'ambo ya daraja la Nyali, tunalipigia bei ya nyanya kila alfajiri.