Mchuuzi Asiye na Farasi

Katika nchi nyingi za ng'ambo wapiga picha hupenda kumfuata mchuuzi wa mwisho aliyebakia na farasi wake, kabla magari hayajamwondoa barabarani. Mtu akitutaka tumtafutie picha ya namna hiyo katika pwani ya Mtwara, tangu Mikindani hadi Msimbati na mlango wa Ruvuma, atakuwa ametutuma kuteka maji kwa pakacha. Hapa farasi hakuondolewa na gari, hakupata kukaa.

Ushahidi tunao. Mwezi Machi 1866 David Livingstone alifika mlangoni mwa Ruvuma, akakosa mahali pa kuwashushia wanyama wake, ndipo akaelekea ghuba ya Mikindani. Walishuka ngamia sita, nyati wa kufugwa watatu na ndama, nyumbu wawili na punda wanne. Alikusudia kuona ni mnyama gani angestahimili mbung'o. Walipokuwa wakipanda bonde la Ruvuma wanyama wale waliumwa na mbung'o, na juu ya hayo wakapigwa na kutaabishwa mno na waliopewa kuwatunza, hata wakafa wengi na jaribio lenyewe likaharibika. Ilimpasa dunia kungoja hadi miaka ya 1890, David Bruce alipoonyesha huko Zululand kwamba mbung'o hupitisha kijidudu kiuacho mifugo.

Kwa hiyo mzigo wa pwani hii ulibebwa na binadamu: kichwani, mgongoni, au kwa mzegazega begani. Hata reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea ilifungwa mwaka 1962. Bega la mchuuzi halikufungwa.

Bega hilo limepigwa picha mara nyingi. Huko Unguja, studio za A. C. Gomes na za ndugu Coutinho ziliuza kadi za posta zenye sura za watu wa pwani. Aghalabu kadi za namna hiyo ziliandikwa kazi ya mtu au kabila lake, jina lake likaachwa. (Farasi wa mashindano, walakini, hutajwa kwa jina.)

Sisi nasi tulikaribia kutenda kosa lilo hilo. Tulimwona Mikindani mzee muuza kahawa, dele mkononi juu ya makaa yake, akigonganisha vikombe kuwaita wanywaji. Tukainua kamera kabla ya salamu.

"Mwanangu," akasema, "unanipiga mimi au unalipiga dele?"

Tukaona haya. Tukamwamkia shikamoo, tukaketi barazani, tukanywa vikombe viwili na kashata, tukalipa. Alitueleza namna anavyoamka usiku kukaanga na kutwanga kahawa, na jinsi goti la kulia linavyomuuma kwa kuwa dele hulibeba upande huo. Maelezo hayo hayamo katika kadi yoyote tuliyopata kuiona.

Kisha akaliweka dele nyuma ya mlango, akavaa kanzu na kofia, akaketi wima kama wakwe wanapopokewa. "Sasa piga," akasema.

Picha hiyo haionyeshi biashara yake hata kidogo. Nyuma yake tumeandika kwa wino jina lake na la babaye. Katika kurasa hizi hatulitaji, kwa sababu alituomba liandikwe pale tu. Nakala ya kwanza tulimpelekea mwenyewe, akaitundika juu ya mlango ule ule uliofichia dele.