Hola, 1959: Nani Aliulizwa Anataka Kazi Gani?

Leo nawaletea historia kidogo. Msikimbie, kompyuta imo ndani.

Mwaka 2025 mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa Gredi ya Tisa kule kwetu Hola, kaunti ya Tana River. Darasa lao ndilo la kwanza nchini kuchagua mkondo wa sekondari ya juu chini ya mtaala mpya: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Akanipigia simu usiku.

"Kaka, wewe ni mtu wa kompyuta. Si kuna programu inayokuuliza maswali halafu inakwambia ufanye kazi gani?"

Nikamwambia ipo, na hata mimi naweza kumtengenezea. Nilijiamini kweli kweli! Maswali 60, aina sita za hulka, jibu moja mwishoni. Nilipofika kwenye hifadhidata nikaandika safu inayoitwa "aina", nikaifunga: ikishajazwa, haibadiliki. Hapo mkono ukasita. Mtu wa Hola hawezi kuandika safu kama hiyo bila kukumbuka jambo.

Kwanza, maswali haya yalitoka wapi?

Mwaka 1908 Frank Parsons alifungua ofisi mjini Boston, Marekani, ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi. Kitabu chake kilitoka 1909, yeye akiwa ameshafariki. Ushauri wake ulikuwa wa mambo matatu: ijue nafsi yako, zijue kazi zenyewe, kisha zilinganishe kwa akili timamu.

Baadaye jeshi likaingia. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Robert Woodworth alitunga hojaji ya kuwatambua askari ambao huenda wangevunjika moyo vitani. Kwenye vita vya pili Isabel Briggs Myers, pamoja na mama yake Katharine, walitunga ile ya herufi nne wakifuata mawazo ya Carl Jung. Inapendwa sana, ila wanasaikolojia wengi wameikosoa, maana mtu akiirudia baada ya wiki chache anaweza kupata herufi nyingine.

Halafu kuna John Holland. Vitani alikuwa akiwahoji askari na kuwapanga kwenye kazi za jeshi. Mwaka 1959 alichapisha nadharia yake: mtu huridhika anapofanya kazi katika mazingira yanayofanana na hulka yake. Zile aina sita nilizotumia (vitendo, uchunguzi, sanaa, huduma kwa watu, biashara na uongozi, mpangilio wa ofisi) zimetokana na kazi yake.

Shikeni huo mwaka, 1959. Sasa turudi Hola.

Tangu hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwaka 1952, serikali ya kikoloni iliwatia kizuizini makumi ya maelfu ya watu kwa sababu ya Mau Mau. Waliwahoji na kuwachuja, kisha wakawagawa kwa rangi: weupe, kijivu na weusi. "Weusi" ndio walioonekana wagumu kabisa. Mlolongo wa kambi uliitwa "bomba": ukikiri kiapo na kutii, unasogea kuelekea nyumbani. Saikolojia nayo iliitwa. Mwaka 1954 serikali ilichapisha ripoti ya daktari wa akili J. C. Carothers, aliyewahi kufanya kazi hospitali ya Mathari, kuhusu saikolojia ya Mau Mau.

Hola ilikuwa ya wale wagumu. Walikataa kazi za kulazimishwa, wakisema wao ni wafungwa wa kisiasa. Afisa wa magereza John Cowan akaandaa mpango wa kuwashurutisha. Tarehe 3 Machi 1959 watu 85 walipelekwa kwenye mradi wa unyunyiziaji maji. Askari wakawapiga kwa marungu, na 11 wakafa. Maelezo ya kwanza ya serikali yalisema walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ukaonyesha ni kipigo.

Julai mwaka huohuo, bungeni London, Enoch Powell wa chama tawala alisimama dhidi ya serikali yake. Alikataa hoja kwamba kwa vile waliokufa walikuwa watu wa aina fulani, basi vifo vyao vina uzito mdogo.

Sisemi hojaji ni kambi. La hasha! Lakini kwangu mimi mwandika programu, majedwali hayo mawili ya 1959 yana safu zilezile: jina, aina, kazi. Tofauti ni nani anajaza, na kama mwenye jina ana ruhusa ya kufuta.

Basi nikaiondoa ile kufuli. Badala ya jibu moja, programu ikaonyesha alama za aina zote sita, na kando yake nafasi ya kuandika "sikubali" na sababu.

Mdogo wangu akajaza. Alama za uchunguzi zikawa chini kabisa. Nikamuuliza mbona swali la maabara amejibu hapana.

"Kaka, sijawahi kuingia maabara. Nitapendaje nisichokijua?"

Nilinyamaza. Mimi nilikuwa nimechukua ushauri wa kwanza wa Parsons nikauruka wa pili. Hojaji hupima unachokijua tayari, na mtoto wa Hola anaweza kuandikiwa "hafai" kwa sababu tu hajaonyeshwa.

Tukaizima programu wiki mbili. Akakaa siku moja na jirani anayepima damu na malaria, siku nyingine na fundi wa pampu mashambani. Aliporudia maswali, uchunguzi ukapanda hadi nafasi ya pili, nyuma ya vitendo. Akachagua sayansi na teknolojia, na sababu akaziandika mwenyewe kwa maneno yake. Kama ningeiacha safu imefungwa, jibu la kwanza ndilo lingebaki.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, zijaze hizo hojaji, zinasaidia kuanzisha mazungumzo. Ila kabla ya kuliamini jibu, nenda kwanza ukaone kazi yenyewe, na kalamu ya kufutia ibaki mkononi mwako.

Haya, kwa leo naishia hapo.