SMG ya magazetini

Katika habari za ujambazi kwenye magazeti ya Tanzania, mara kwa mara utakutana na "bunduki aina ya SMG". Ukitazama picha, unaona Kalashnikov, au ndugu yake wa Kichina. Herufi hizo ni kifupisho cha Kiingereza cha rashasha ndogo inayofyatua risasi za bastola, mfano Sterling ya Waingereza yenye risasi za milimita 9. Kalashnikov si ya kundi hilo. Risasi yake ya milimita 7.62 hukaa kwenye ganda refu lenye baruti nyingi zaidi, na huua kwa mbali zaidi.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaodai kwamba waandishi wetu wamebuni kosa. China ilipoanza kutengeneza nakala yake ya Kalashnikov mwaka 1956, jeshi lake liliiita rashasha ndogo ya Aina ya 56. Nakala yake ya SKS, bunduki nyingine ya Kisovieti, iliyopewa namba hiyohiyo, ikaitwa bunduki ya nusu otomatiki. Na China ndiyo iliyolipatia Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) silaha na mafunzo tangu miaka ya 1960. Kwa maoni yangu, jina lilishuka pamoja na silaha, likatoka kambini hadi polisi na mahakamani. Ushahidi ninaouamini zaidi ni SKS yenyewe: magazetini huitwa SAR, kifupisho cha bunduki ya nusu otomatiki, sawasawa na Wachina walivyoipanga.

Katika taarifa za polisi, SMG ibaki. Lakini anayeandika historia ya Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda, aitaje bunduki kwa jina lake kamili.