Pori, ziwa na udongo: kazi ambazo mazingira yanatufanyia bila malipo

Watu wengi wanafikiri pori ni miti na nyama tu. Lakini kila siku mazingira yanafanya kazi ambayo, siku yakiacha, tutailipa kwa feza nyingi, ao kwa maisha. Hii hapa mifano ya kwetu Kivu.

Maji na umeme. Pori linashika maji ya mvua na kuyaachilia polepole katika mito. Mitambo ya umeme ya Matebe, iliyoanza kazi mwaka 2015, inazungushwa na maji ya muto Rutshuru. Ile ya Mutwanga inatumia maji yanayoshuka kutoka mulima Ruwenzori. Mito ikipungua, taa na vinu vya unga navyo vinasimama.

Udongo. Mizizi ya miti inafunga udongo. Tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha Kalehe, mito ikafurika Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa. Mvua hakuna anayeweza kuizuia. Lakini kilima chenye kukatwa miti kinateremsha maji, matope na mawe kwa haraka zaidi.

Samaki. Sambaza waliletwa katika ziwa Kivu kutoka Tanganyika, miaka ya 1950. Hakuna mutu anayewalisha. Wanakula vidudu vidogo sana vya majini. Ukivua watoto wao kwa chandarua, kesho soko halina kitu.

Nyuki. Ua la boga la kike halizai kama nyuki hawakulileteа unga wa ua la kiume. Dawa ya wadudu ikipulizwa asubuhi, wakati maua yamefunguka, inaua nyuki hao.

Basi, makala? Hapa ndipo pagumu. Mama wa Goma anapaswa kupika leo, na makala mengi ya muji yanatoka katika miti ya mbuga la Virunga. Kukataza peke yake hakujazi sufuria. Kinachosaidia ni mbabula inayokula makala kidogo, na miti inayopandwa kwa ajili ya makala, kama mradi wa EcoMakala ulivyofanya na wakulima wa Kivu ya Kaskazini. Ukipanda karatusi, usiipande karibu na chemchem: inakunywa maji mengi. Pale, acha miti ya asili.