Ari ya Gereji: Historia ya Kufufua Magari ya Misuli nchini Marekani

Magari ya misuli, yaani magari ya Kimarekani ya ukubwa wa kati yaliyofungwa injini kubwa ya silinda nane na kuuzwa kwa bei ambayo kijana mwenye ajira angeweza kuimudu, yalivuma kwa takriban muongo mmoja tu. Chimbuko lake kwa kawaida huhesabiwa kuwa Pontiac GTO ya 1964, ambayo wahandisi waliokuwa chini ya John DeLorean waliiunda kwa kutia injini ya inchi za ujazo 389, sawa na lita 6.4 hivi, katika gari la Tempest. Na kwa kuwa kanuni ya ndani ya General Motors iliyawekea magari ya ukubwa huo kikomo cha inchi za ujazo 330, waliikwepa kwa kuiuza injini hiyo kama nyongeza ya hiari badala ya kutangaza gari jipya. Sheria ya Hewa Safi ya 1970, ada za bima zilizowaelemea madereva vijana, na vikwazo vya mafuta vya Oktoba 1973 viliyaondoa sokoni, nayo yakaporomoka thamani hadi kufikia bei ya mtumba. Walioanza kuyafufua katika gereji za nyumbani walikuwa zaidi wanunuzi hao wa mitumba kuliko matajiri au makumbusho.

Kazi hiyo, inayofanywa jioni na mwishoni mwa wiki, huchukua miaka, na ari ya kuiendeleza imetegemea mazingira ya fundi zaidi kuliko tabia yake. Adui wa kwanza alikuwa kutu. Katika majimbo ya kaskazini kama Michigan na Ohio barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo ilitoboa sakafu, buti na sehemu za chini za ubavu wa gari. Kwa Chevelle, ambayo bodi yake hukaa juu ya fremu inayojitegemea, uharibifu huo ungeweza kushughulikiwa kipande kwa kipande. Lakini kwa Mustang, ambayo bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote, sakafu iliyooza ilimaanisha gari lililopoteza uti wa mgongo, hivyo mtu aliyedhani amenunua kazi ya rangi alijikuta akijifunza kuchomelea.

Adui wa pili, aliyevunja mioyo zaidi, alikuwa kungoja. Kabla ya vipuri vipya kuanza kutengenezwa, mwenye gari alizunguka makaburi ya magari, alisoma matangazo ya Hemmings Motor News, jarida lililoanzishwa mwaka 1954, au alisafiri hadi masoko ya vipuri kama lile la Carlisle, Pennsylvania, lililoanza mwaka 1974. Mambo yalibadilika pale kampuni kama Classic Industries ya California, iliyoanza mwaka 1977, na Year One ya Georgia, iliyoanza mwaka 1981, zilipouza kwa orodha vipuri vya kuigiza vile vya kiwandani. Inafaa kusema wazi kwamba orodha hizo zilidumisha ari kuliko nasaha yoyote, kwa sababu gari lisilokwama kwa kukosa kipande kimoja huendelea kumvuta mwenyewe gereji.

Soko nalo lilileta mzigo wake. Kuanzia magari ya 1968, sehemu ya namba ya utambulisho wa gari ilipigwa mhuri kwenye injini na giaboksi, na alama hizo zikaja kuwa ushahidi kwamba gari bado lina viungo lilivyozaliwa navyo. Thamani ya ushahidi huo ilionekana mwaka 2014, wakati Plymouth Hemi Cuda ya 1971 isiyo na paa gumu, aina iliyotengenezwa magari 11 tu, iliponadiwa Seattle kwa dola milioni 3.5. Ushindani wa maonyesho ukafuata njia hiyo hiyo, hata baadhi ya mafundi wakawa wanarudishia alama za chaki za wafanyakazi wa kiwanda na rangi iliyopulizwa ovyo, uaminifu unaokaribia kichekesho.

Viwango hivyo vya maonyesho vilibadilisha pia mpangilio wa kazi yenyewe. Zamani wengi walitengeneza breki mwezi huu na viti mwezi ujao huku gari likiendelea kutembea, na kila hatua ilijilipa papo hapo. Kulifungua gari lote hadi fremu tupu kuliiondoa faraja hiyo, kwani kwa muda mrefu kazi ilionekana kurudi nyuma. Ndipo magari yaliyofunguliwa na kuachwa yakawa sehemu ya kudumu ya biashara hii: muuzaji hupokea pungufu ya alichotumia, mnunuzi hupokea bodi na masanduku ya vipuri visivyo na lebo, na kazi yake ya kwanza ni kutambua kilichopo na kilichopotea. Kwa hiyo gari linaloshinda tuzo huenda limepita gereji mbili au tatu, ijapokuwa kibao kilicho mbele yake hutaja jina la mmiliki wa mwisho peke yake.