Kura 130 na kiti kimoja cha Afrika

Leo tuongelee uchaguzi ambao wengi wetu hatukuusikia ulipofanyika. Oktoba 2000, Watanzania tukiwa tumezama kwenye kampeni za uchaguzi mkuu wetu, kulikuwa na uchaguzi mwingine ndani ya kompyuta. ICANN, shirika la huko California lililoundwa 1998 kusimamia majina na namba za intaneti (hizo .com, pamoja na .tz na .ke zetu), liliwaita watumiaji wa mtandao dunia nzima wachague wajumbe watano wa bodi yake.

Mkutano wa Cairo, Machi 2000, ndio uliokata shauri: kanda tano, kila kanda kiti kimoja, na mtu anapigia kura wagombea wa kanda yake tu. Afrika, Asia pamoja na Australia na Pasifiki, Ulaya, Amerika ya Kusini na Karibiani, Amerika ya Kaskazini. Sharti uwe na miaka 16, barua pepe, na anwani ya posta. Ndiyo, posta! Ukishajiandikisha mtandaoni, namba yako ya siri ililetwa kwa barua ya kawaida. Anayelijua lile sanduku la posta linalotumiwa na ukoo mzima ataelewa maana yake. Dunia nzima walijiandikisha watu kama 158,000, waliopiga kura ni 34,035 tu.

Sasa tazama mgawanyo. Asia na Pasifiki 17,745. Ulaya 11,309. Amerika ya Kaskazini 3,449. Amerika ya Kusini 1,402. Afrika, bara zima kuanzia Cairo hadi Cape Town, kura 130! Kura moja ya Mwafrika ilikuwa na uzito wa kura zaidi ya 136 za Asia.

Mpenda hesabu atasema hiyo si demokrasia. Mimi naona angepaswa kuuliza kwanza kingetokea nini bila kanda. Asia peke yake ilikuwa na zaidi ya nusu ya kura zote, na sisi wakati ule kafe za intaneti zilikuwa zinahesabika mijini. Mbona kwenye Bunge la Afrika Mashariki kila nchi hupeleka wabunge 9, Burundi sawa na Tanzania, na maisha yanaendelea?

Tatizo naliona kwingine. Kiti cha kanda kinakukinga na mkubwa wa mbali, hakikukingi na mkubwa aliye jirani yako. Kule Asia, Japani na China zilishindana kuandikisha watu wao, na kiti kikaenda kwa Masanobu Katoh wa kampuni ya Fujitsu ya Japani. Mpiga kura wa Sri Lanka alikuwa mtazamaji tu. Ulaya nako, gazeti la Spiegel liliwahamasisha Wajerumani wajiandikishe, akashinda Mjerumani, Andy Müller-Maguhn, kijana wa klabu ya wadukuzi.

Kwetu alishinda Nii Quaynor wa Ghana, na hapo tulibahatika, maana huyu ni miongoni mwa walioleta intaneti Afrika Magharibi. Lakini ilikuwa bahati. Kwa kura 130, ofisi moja kubwa yenye wafanyakazi wenye barua pepe ingeweza kumweka mtu wake.

Waafrika walipounda AfriNIC, msajili wa namba za intaneti wa bara hili aliyetambuliwa rasmi 2005, bara liligawanywa kanda sita, na Mashariki ikapata kiti chake. Ila hapo wanaochagua ni wanachama wa Afrika nzima, kwa hiyo mtu wa Mashariki hawezi kupita kwa kura za majirani zake peke yao.

Na ule uchaguzi wa ICANN? Haukurudiwa. Machi 2002 bodi iliamua kuachana na kura za watumiaji wa kawaida, na uamuzi huo ulipitishwa Accra, nyumbani kwa Quaynor. Mwaka huohuo Karl Auerbach, aliyechaguliwa na Amerika ya Kaskazini, alilazimika kwenda mahakamani ili aruhusiwe kukagua kumbukumbu za shirika ambalo yeye mwenyewe ni mkurugenzi wake. Alishinda kesi. Kanda tano bado zimo kwenye katiba ya ICANN hadi leo, na kila kanda ni lazima iwe na mjumbe kwenye bodi. Kilichoondolewa ni mpiga kura.