Barua za Jenerali Pender: Mapenzi, Vita na Utumwa

Miongoni mwa nyaraka zilizosalia kutoka jeshi la majimbo ya Kusini lililopigana na serikali ya Marekani kati ya 1861 na 1865, ni chache zinazofichua fikra za ofisa mmoja kwa undani kama barua ambazo William Dorsey Pender alimwandikia mkewe, Fanny, tangu alipoliacha jeshi la taifa Machi 1861 hadi siku chache kabla ya mapigano ya Gettysburg, Pennsylvania, Julai 1863. Majimbo hayo yalijitenga na kuunda Shirikisho lao ili kuulinda utumwa, na jambo hilo halipaswi kusahauliwa hata pale barua zenyewe zinapozungumzia mapenzi, dini na afya ya watoto.

Pender alizaliwa Februari 1834 katika kaunti ya Edgecombe, North Carolina, eneo la mashamba makubwa ambako, kwa sensa ya 1860, zaidi ya nusu ya wakazi walikuwa watumwa. Alihitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1854, akatumikia miaka kadhaa huko magharibi, na mwaka 1859 akamwoa Mary Frances Shepperd, binti wa mbunge wa zamani, ambaye jamaa zake walimwita Fanny. Tarehe 31 Mei 1862, huko Seven Pines karibu na Richmond, rejimenti aliyoiongoza kama kanali ilipokuwa hatarini kuzingirwa, aliigeuza upesi na kushambulia badala ya kurudi nyuma, na Rais Jefferson Davis wa Shirikisho, aliyekuwapo uwanjani, akampandisha papo hapo kuwa brigedia jenerali, yaani kamanda wa brigedi, kikosi kinachojumuisha rejimenti kadhaa. Tangu hapo alipigana chini ya Jenerali A. P. Hill karibu katika kila pambano kubwa la jeshi la Shirikisho lililoongozwa na Jenerali Robert E. Lee, akajeruhiwa zaidi ya mara moja, na Mei 1863 akawa meja jenerali mwenye divisheni yake, yaani kikosi cha brigedi kadhaa, akiwa na umri wa miaka 29.

Barua zake hazikuandikwa ili zichapishwe, na hapo ndipo ilipo thamani yake. Katika kiangazi cha 1861, akiwa kambini Virginia, alimsimulia mkewe bila haya jinsi wanawake wa huko walivyomchangamkia na jinsi alivyofurahia uchangamfu huo, naye Fanny akamjibu kwa uchungu na heshima, akimuuliza maswali ambayo mumewe hakuwa na jibu lake ila kuomba radhi. Barua nyingi za Fanny zimepotea, lakini hiyo imesalia, na bila hiyo ndoa yao ingejulikana kwa sauti ya upande mmoja tu. Baadaye mwaka huohuo Pender alibatizwa mbele ya askari wake, na tangu wakati huo barua zikajaa toba na hofu ya kutostahili wokovu.

Mtu huyo mpole kwa mkewe alikuwa mkali sana kwa askari. Aprili 1863 aliyaandikia makao makuu ya Lee akilalamika kwamba askari wa North Carolina walikuwa wakitoroka kwa makundi, na lawama akazielekeza kwa Jaji Mkuu wa jimbo hilo, Richmond Pearson, ambaye hukumu zake ziliwapa watoro tumaini la kutorudishwa vitani, na pia kwa barua zilizovuka kati ya kambi na nyumbani zikieneza habari hiyo.

Barua inayohitaji kusomwa kwa uangalifu kuliko zote ni ile ya mwisho, ya tarehe 28 Juni 1863, iliyoandikwa Pennsylvania, jimbo la Kaskazini ambalo jeshi la Lee lilikuwa limelivamia. Humo Pender anaeleza kwamba Joe, mtumwa aliyemhudumia kambini, aliufurahia uvamizi ule na alikuwa hodari wa kutafuta mali zilizofichwa na wenyeji. Maneno hayo ni ya bwana akimwelezea mtumwa wake; Joe mwenyewe hakuacha maandishi, na katika majuma yaleyale jeshi hilohilo lilikuwa likiwakamata watu weusi wa Pennsylvania, wakiwamo waliozaliwa huru, na kuwapeleka Kusini utumwani. Msomaji anayeipokea furaha ya Joe kama ilivyosimuliwa humkosea Joe kwa mara ya pili.

Tarehe 1 Julai divisheni ya Pender ililitimua jeshi la Muungano, yaani la serikali ya Marekani, kutoka Seminary Ridge, kilima kilicho magharibi mwa Gettysburg, kwa hasara kubwa mno. Kesho yake kipande cha kombora kilimpiga pajani. Alisafirishwa kwa gari la kukokotwa hadi Staunton, Virginia, ambako mshipa wa damu ulipasuka, mguu ukakatwa tarehe 18 Julai, naye akafariki saa chache baadaye. Fanny, aliyekuwa mjamzito, alijifungua mtoto wao wa tatu wa kiume, hakuolewa tena, na alijitafutia riziki kwa kufundisha shule. Barua zilihifadhiwa na hatimaye zikachapishwa kitabuni mwaka 1965 chini ya uhariri wa William W. Hassler.

Pender alizikwa Tarboro, katika kaunti alikozaliwa, na mwaka 1875 North Carolina ikaipa kaunti mpya jina lake. Ng'ambo ya mto Tar, mkabala na mji huohuo, watu walioachwa huru mwaka 1865 walianzisha makazi yao wenyewe, ambayo mwaka 1885 yalitambuliwa kisheria kuwa mji wa Princeville, kwa jina la Turner Prince, seremala aliyekuwa amezaliwa mtumwa.